Muvi "isiyo na kitu" ndiyo inayokaa kichwani

Kila ikizungumzwa muvi ya kutisha ya mwendo wa taratibu, lalamiko ni lile lile: watu wanatembea gizani saa moja na nusu, mchawi mwenyewe haonekani, bando limeteketea bure. Wengine wanajibu kwamba muvi ya namna hiyo ndiyo inayowafuata hadi kitandani, na ile ya damu na makelele walishaisahau kabla hawajafika nyumbani. Kila upande una hoja. Ila wa kwanza wana sauti kubwa zaidi, na wengi wao wanaihukumu kazi ambayo hawakuiona yote, hata kama waliitazama hadi mwisho.

Tuwape haki yao. Mshtuko wa ghafla unadharauliwa bure, kwa maana ni ufundi. Mhariri anapunguza sauti zote kwa sekunde kadhaa, anayaelekeza macho ya mtazamaji upande usiohusika, anachelewa kidogo kupita pale palipotarajiwa, kisha picha na sauti zinagonga kwa pamoja. Akiwahi, hakuna aliyejiandaa kuogopa; akichelewa mno, watu wameshaanza kucheka. Mzigo mkubwa unabebwa na sauti. Zima sauti uirudie sehemu hiyo hiyo, utaona mtu aliyepakwa rangi usoni, basi. Tena mbinu hii inafanya kazi popote, hata kwenye kibanda umiza kilichojaa, feni inanguruma, dijei anatafsiri juu ya picha. Kupiga kelele pamoja na watu usiowajua ni starehe halali kabisa.

Na wana ushahidi mzito: The Exorcist ya mwaka 1973, ya mtoto wa kike aliyepandwa na pepo, inaonyesha karibu kila kitu, kichwa kikigeuka hadi mgongoni, matapishi ya kijani, na bado haijasahaulika. Kweli. Lakini mwongozaji wake, William Friedkin, hakukimbilia matapishi. Kabla yake kuna vipimo vya hospitali, sindano inayoingia shingoni mwa mtoto na damu inayoruka, mashine inayogonga bila huruma, na watazamaji wengi husema hapo ndipo walipofumba macho. Pepo hayumo humo ndani. Yumo mtoto mgonjwa na madaktari wasiojua wafanye nini.

Sasa tuje kwa inayotukanwa kuliko zote. The Blair Witch Project ya mwaka 1999, ya vijana watatu wanaoingia msituni na kamera kumfuatilia mchawi wa hadithi za mji, ilipigwa kwa siku 8 za Oktoba 1997 huko Maryland, Marekani, na waigizaji watatu ndio waliozishika kamera. Waongozaji, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwapa kifaa cha GPS cha kuwatoa kituo hadi kituo, na maelekezo ya siku wakayaacha ndani ya vikopo vya mikanda, kila mmoja akisoma yake bila kumwonyesha mwenzake. Chakula kilipungua siku hadi siku. Usiku waongozaji walitikisa hema na kupiga sauti za watoto zilizorekodiwa. Kati ya takribani saa 20 za picha zikabaki dakika 81, na mchawi hayumo hata kwa nukta moja.

Asiyeiona aruke aya hii. Mwishoni kuna chumba cha chini cha nyumba iliyotelekezwa. Kijana mmoja amesimama kona, ametugeuzia mgongo, kimya, huku mwenzake akipiga mayowe. Kamera inaanguka, muvi imeisha. "Ndiyo nini sasa?" Jibu lilishatolewa mapema, katika mahojiano mafupi na mkazi wa mji: muuaji wa zamani aliwachukua watoto wawili wawili, mmoja akimsimamisha kona atazame ukuta huku akimuua mwingine. Ni maneno ya sekunde chache, na yaliongezwa baadaye, kwa kuwa mwisho ule ulikuwa umewaacha watu njia panda. Aliyekuwa akichati wakati huo ameona kijana kasimama kona. Aliyesikia amemwona muuaji, ingawa hajaonyeshwa. Kwa hiyo kumficha jini si kumnyima mtazamaji. Anapewa vipande vyote ila kimoja, na hicho kimoja atakuwa anakitafuta kichwani wiki nzima.

Sinema za aina hii zinategemea vitu viwili ambavyo utazamaji wetu unaviua: giza na ukimya. Video ikibanwa ili iwe nyepesi, sehemu za giza ndizo zinazopunjwa kwanza. Kivuli kinageuka viraka vya mraba. Spika ya simu haifikishi sauti nzito, na noti zile mbili nzito alizotunga John Williams kutangaza ujio wa papa katika Jaws ya mwaka 1975 zinabaki kama mtu anayekuna meza. Sabufa nayo ikifunguliwa hadi mwisho, kila kitu kinakuwa kishindo. Dijei anayetafsiri analipwa aongee, hawezi kuuacha ukimya wa sekunde kumi upite hivi hivi. Mtu azime taa, avae hedifoni, aongeze mwanga wa kioo hadi atofautishe koti jeusi na ukuta mweusi, ndipo aseme muvi haina kitu. Akiendelea kusema hivyo, basi ana haki, maana zipo nyingine zinazoficha kwa sababu tu hazikuwa na cha kuonyesha.

Mwaka huo huo wa 1999 watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor walichapisha majibu ya wanafunzi 153 wa vyuo vikuu vya Marekani. Asilimia 90 walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani, na asilimia 26 walisema hofu hiyo haijawatoka. Mmoja kati ya wanne! Ni kumbukumbu za watu, si kipimo cha maabara, na takwimu hiyo peke yake haisemi ni muvi za aina gani. Cantor alipochambua baadaye maandiko ya wanafunzi wake, alikuta nne zimetajwa sana: Poltergeist, Jaws, The Blair Witch Project na Scream. Poltergeist na Scream zinaonyesha, mbili nyingine zinaficha (papa wa Jaws alifichwa kwa kuwa mtambo wake uliharibika katika maji ya chumvi). Waliotishwa na Jaws waliogopa hata ziwa na bwawa la kuogelea, ambako wanajua fika hakuna papa.

Hapo ndipo dharau ya "haina kitu" inapoleta madhara. Mzazi anapima kwa damu: haina damu, waache watoto waangalie. Hata bodi ya Marekani inayopanga filamu kwa umri iliipa The Blair Witch Project alama ya R (aliye chini ya miaka 17 aangalie na mtu mzima) kwa sababu ya matusi yaliyomo, basi. Mtoto aliyeona damu atauliza kama ni ya kweli, aambiwe ni rangi, yaishe. Aliyemwona mtu kasimama kona hana cha kuuliza, na kona ziko nne katika chumba anacholala.