Eti Ukiosha Wavu Ladha Inaondoka!

Jumamosi iliyopita nilikuwa mnadani Msalato, hapa Dodoma. Anayeujua mnada ule anajua kwamba wengi wetu hatuendi kununua ng'ombe wala mitumba, tunafuata moshi. Nikasimama kwa mchoma nyama mmoja, kijana mchangamfu, kisu mkono huu, mkono wa pili anafukuza nzi. Macho yangu yakaangukia wavu. Nondo zake zilionekana nene kama kidole gumba, kumbe chuma chenyewe ni chembamba tu. Unene uliobaki ni masizi na mafuta yaliyokaukia hapo, gamba juu ya gamba. Nikamuuliza kwa utani, "Mdogo wangu, huu wavu uliuosha lini?" Akacheka sana. "Mzee, ukiuosha ladha yote inaondoka!"

Kauli hiyo nimeisikia Kizota, nimeisikia Area C, nimeisikia Kibaigwa nikingoja basi lijaze abiria. Watu wanaisema kama wanavyosema jua huchomoza mashariki. Mimi nasema ni uongo tuliojitungia ili tusishike stilwaya. Kama unabisha, kwangua kipande cha hilo gamba jeusi, kiache kipoe, kiweke ulimini. Mimi nilifanya hivyo. Ni uchungu mtupu wa mafuta yaliyoungua mara mia, na ulinikaa kooni hadi jioni. Utamu wa nyama choma unatoka kwenye nyama yenyewe, kwenye chumvi, na kwenye moshi wa mafuta yanayodondoka leo. Hata huo moshi una kiasi chake: mafuta yakidondokea makaa mekundu hutoa kemikali kama benzopireni, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza, pamoja na vitu vinavyojulikana kabisa kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi tuache nyama choma. Naishi Dodoma, nitaachaje? Ila moshi wa leo unanitosha, wa mwezi uliopita sikuuagiza.

Hayo ni ya juu ya wavu. Kesi kubwa iko chini, mahali ambapo hakuna mteja anayechungulia, kwenye mafuta yanayojikusanya ndani ya jiko.

Hilo nililijua kwa aibu. Nyumbani kwangu Nkuhungu nina jiko la pipa, lile pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, nusu ikawa jiko, nusu ikawa mfuniko. Siku ya kipaimara cha binti yetu nilipanga juu yake kitimoto kilo nane. Chini kulikuwa na majivu na mafuta ya Jumapili kama tatu, yameshikana mithili ya uji wa uwele uliolala. Nilijua yapo. Nilisema nitasafisha kesho. Dakika ishirini za kwanza mambo yalikwenda vizuri, wageni wananisifia, kaka mtu bingwa. Kisha ule uji ukayeyuka, ukashika moto, ndimi zikapanda hadi usawa wa kichwa changu. Binamu yangu, kwa nia njema kabisa, akamwagia jagi la maji.

Ambaye hajawahi kuona maji yakikutana na mafuta yanayowaka asitamani kuona. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama, yanachemka papo hapo, na mvuke wake unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji yenyewe. Unalipuka kwenda juu ukiwa umebeba mafuta yenye moto. Binamu alibaki na nyusi za upande mmoja. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeungua zaidi ya hapo. Aliyetuokoa ni mama mkwe wangu, mama wa Kigogo kutoka Mvumi, asiye na maneno mengi. Alichukua fimbo, akausukuma mfuniko ukajifunga, akapiga udongo kwenye matundu ya hewa, akarudi kukaa. Baada ya dakika chache moto ulikuwa umekufa. Kitimoto nacho kilikuwa mkaa. Tulikula wali na kuku.

Mwaka uliofuata shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na kontena, na ndani yake mlikuwa na jiko la ajabu, la kuchomea kwa peleti za mbao. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vya unene wa milimita 6 hivi. Wenzetu kule walianza kuzitumia kupasha nyumba joto, kisha Joe Traeger wa mji wa Mount Angel, jimbo la Oregon, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya jiko la kuchomea la aina hiyo mwaka 1986. Unajaza peleti kwenye sanduku la pembeni, skrubu ndefu inazisukuma polepole hadi kwenye kikombe cha chuma, ncha ya umeme inaziwasha, feni inapuliza, na kuna kifaa kinachopima joto na kuamua peleti ngapi ziingie. Wewe umekaa kwenye kiti unakunywa soda. Umeme wao ni volti 120, wetu 230, basi shemeji akawa anazunguka na transfoma yake kama mgonjwa na dripu. Sifa moja tu Dodoma iliipatia mashine ile: ukavu. Peleti zikinyonya unyevu huvimba na kurudi kuwa vumbi, skrubu ikakwama. Kwetu hapa, kuanzia Mei hadi Novemba, zilikaa kwenye gunia zimetulia.

Mimi nilivutiwa na bati lililomo ndani. Chini ya wavu kuna bati pana lililolazwa kwa mteremko. Nyama inadondosha mafuta juu ya bati, yanatiririka hadi kwenye mfereji, yanatoka nje kwa bomba fupi na kuingia kwenye kindoo kilichoning'inizwa ubavuni. Moto uko chini kwenye kikombe chake, na mafuta hayakutani nao. Aliyelibuni alijua mafuta hayazuiliki, akayachongea njia ya kutokea.

Na bado shemeji alifanikiwa kuwasha moto usiotakiwa! Asubuhi moja ya Julai, ule ubaridi wetu wa kuvaa sweta na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mafuta ya ng'ombe yalikuwa yameganda ndani ya mfereji kama mshumaa. Hakuangalia. Mafuta mapya yalipokuja yakakuta njia imezibwa, yakarudi nyuma, yakamwagikia kwenye kikombe cha moto. Kikombe chenyewe alikuwa hajakimwaga majivu tangu Pasaka. Safari hii hakuna aliyeleta jagi. Tulizima, tukaacha mfuniko umefungwa, tukangoja. Tangu hapo simwamini mtu anayesema mashine za kisasa zinajisafisha.

Peleti zilipokwisha jiko lile likawa kabati la kuku wa kienyeji, lakini wazo la bati nililichukua. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee trei ya kuingia nusu ya pipa langu, yenye mteremko, na tundu kwenye kona. Akataka kutumia kipande cha bati la kuezekea alilokuwa nalo. Nilikataa, na wewe ukiambiwa hivyo usikubali: mabati yale yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Chukua chuma cheusi cha milimita 2. Sasa makaa nayaweka upande mmoja, nyama upande wa pili, trei chini ya nyama, na nje nimening'iniza kopo tupu la maziwa ya unga. Mbavu za mbuzi zinachelewa, sikatai, ni saa moja na nusu badala ya dakika arobaini. Mwishoni nazisogeza juu ya makaa kwa dakika chache zipate rangi.

Wavu nausafisha ukiwa bado wa moto, nyama ikishatoka tu. Usipofanya wakati huo usijidanganye kwamba utafanya baadaye. Kikwangulio changu ni kipande cha ubao mgumu kilichochongwa bapa. Kadiri siku zinavyokwenda wavu umekitia mapengo kinalingana na nondo zake. Brashi ya nyaya niliitupa baada ya kukuta unywele wake mmoja kwenye kipande cha nyama alichokuwa anakiendea mtoto. Kule Marekani madaktari wameshatoa nyaya za namna hiyo kwenye koo na matumbo ya watu. Baada ya kukwangua napitisha nusu ya kitunguu kilichochomekwa kwenye uma.

Maji yakikatika, na kwetu yanakatika, natumia majivu. Bibi zetu walisugulia masufuria kwa majivu na hawakuwa wajinga: majivu yana alkali, na alkali ikikutana na mafuta na maji ya moto kidogo inaanza kufanya kazi ya sabuni. Halafu naufunika wavu kwa gunia. Dodoma hii usiache chuma chenye mafuta uwanjani mwezi wa nane. Upepo ukivuma utakuta vumbi jekundu limejipaka kama rangi, na nyama ya Jumapili ijayo itakuwa inakwaruza meno.

Mafuta ya kwenye kopo yasiende kwenye sinki. Nyumba nyingi mitaani kwetu zina mashimo ya maji taka, na mafuta yakifika kwenye bomba la baridi huganda ukutani yakakusanya kila kinachopita. Utayakumbuka siku unapolipia gari la kunyonya. Nayaacha yagande, nachanganya na majivu hadi yawe kama udongo wa kufinyangia, nafunga kwenye gazeti, naweka kwenye taka. Nafunga vizuri kwa sababu ya mbwa wa jirani. Huyo anajua ratiba yangu ya Jumapili kuliko mke wangu.

Na ndiyo, Msalato nilikula. Mguu wa mbuzi, ndizi mbili, pilipili ya kutosha. Nilimwomba kijana anikatie nyama ya ndani, ile iliyoshikana na mfupa, ambayo haikugusa wavu.