Suti ya Kaunda Kondele: nani ana haki ya kukasirika?

Kisumu ni mji unaovaa nguo zilizokwisha kuvaliwa. Fika soko la Kibuye Jumapili asubuhi uone marobota yakifunguliwa na wateja wa mapema wakigombea kamera, yaani nguo bora za robota; baadaye fagia, mabaki ya mwisho, itauzwa kwa bei ya kutupa. Wakili, mwalimu na mwendesha boda wote hupita pale, hata kama wengine hawapendi kusema. Kwa hiyo kijana akishuka mtaa wa Kondele na suti ya Kaunda, ile ya koti la mikono mifupi, au msichana na suruali ya bugaluu, pana miguuni, na steji nzima ikamgeukia kwa miluzi na "babu, umefufuka lini?", hatuwezi kudai kwamba watu wanachukia nguo kuukuu. Anayepiga mluzi mwenyewe amevaa jinzi iliyochakazwa na mtu mwingine ng'ambo.

Nadhani kinachoudhi ni kule kuchagua. Mtumba wa kawaida humsaidia mtu afanane na wenzake kwa bei anayoiweza. Nguo ya miaka ya 1970 hutangaza kwamba mvaaji alipita fulana mia akaziacha, akaitaka hiyo. Katika mji ambao vijana wengi wanahangaika na vibarua, kujipa nafasi ya kuchagua kiasi hicho huonekana majivuno.

Na hapo wanaokejeli wana hoja nzito kuliko wapenzi wa mitindo ya kale wanavyokubali. Wako watu wazima waliokwenda shule na koti la baba lililopunguzwa na fundi, mikono bado ikifika vidoleni, wakachekwa hadi wakachukia asubuhi za baridi. Mtu wa aina hiyo akimwona kijana mwenye simu ya bei akivaa kwa raha kile alichokivaa yeye kwa kukosa, anaona umaskini wake ukichezewa. Kuna pia suala la marehemu. Katika familia nyingi za Waluo na Waluhya, nguo za aliyefariki hugawiwa mbele ya wazee, kwa utaratibu, si kila mtu kujichukulia. Koti la zamani lisilojulikana lilikotoka linaweza kumtia mtu hofu ya kweli. (Ingawa hata mtumba wa Kibuye hatujui ulivuliwa na nani, aliye hai au aliyekufa, na bado tunaufua tukavaa.)

Upande wa pili hupenda kujitetea kwa neno urithi, na utetezi huo haunishawishi. Urithi wa nani? Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo, Kicomi, kilichoanguka miaka ya 1990, wakati soko lilipofunguliwa na mitumba ikamiminika. Gauni la 1975 linalopatikana Kibuye leo yaelekea lilivaliwa kwanza Uingereza au Kanada. Anayesema anatunza historia ya mji angeanza na sanduku la nyanya yake. Hilo halimwondolei haki ya kuvaa atakacho. Apunguze mahubiri tu.

Isitoshe, mavazi haya hayakuwahi kuwa na amani hata yalipokuwa mapya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania ng'ambo ya mpaka, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 mini, wigi na suruali za kubana zipigwe vita kwa kuwa ni za kigeni. Mini ileile leo inasumbuliwa kwa kuwa imepitwa na wakati, au ndicho kisingizio. Wanaume nao hawajapona kabisa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula, mwana wa Bungoma, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni ingawa Rais Ruto mwenyewe alikuwa akizipenda sana. Ni nadra Spika na makanga wa Kondele kukubaliana hivyo. Tena haya yanatokea katika mji ambao barabara yake kuu ina jina la Oginga Odinga, mzee tunayemkumbuka kwenye picha akiwa na kofia ya shanga na usinga. Yeye hatumwiti kituko.

Lakini gharama hazilingani. Mwanamume wa suti ya Kaunda huitwa mheshimiwa, wakacheka, akacheka nao, safari ikaendelea. Mwanamke aliyevaa gauni fupi la zama za mama yake hufuatwa, hushikwa, hutishiwa kuvuliwa. Huo si utani tena, na hoja zote nilizowapa wanaokejeli hapa zinaisha. Baada ya mwanamke kuvuliwa nguo kwenye steji ya matatu Nairobi na wanawake kuandamana Novemba 2014, Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A: kumvua mtu kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Cheka ukitaka, ila mkono ubaki mfukoni.

Simu ndiyo ngumu zaidi. Kejeli ya steji huishia pale steji inapoishia, lakini video humfuata mtu hadi kazini na kanisani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Klabu ina leseni na anwani. Kijana wa boda aliyerekodi kwa sekunde kumi akapakia TikTok kwa jina la utani, nani atampelekea samansi? Ningeanzia kwa mwenyekiti wa steji. Anawajua wanachama wake kwa majina, na abiria anayeogopa kushukia pale ni hasara yake pia.