Kazi ya Kukaa

Jamani, mimi naumwa mgongo na hakuna anayenipa pole.

Jirani yangu anabeba saruji, mifuko ya kilo 50, kutwa nzima. Jioni anarudi anapiga mluzi. Mimi niliyeshinda kwenye kiyoyozi nashuka daladala Mbagala nimepinda kama ndizi, mkono kiunoni. Ananiuliza, "Braza, leo mlikuwa mnapakua nini?" Nimjibu nini? Kwamba nilikuwa natuma imeili?

Mchawi ni kile kiti. Kina kimtungi cha gesi cha kukipandisha na kukishusha, na gesi yenyewe iliondoka na bosi aliyepita. Saa mbili asubuhi nakipandisha, naonekana mtumishi. Saa nne kidevu kimefika kwenye kibodi. Saa sita mteja anaingia: "Hodi! Humu hamna mtu?" Nanyoosha kidole kama mwanafunzi. Nipo, dada, niko huku chini.

Skrini nimeipandisha juu ya rimu mbili za karatasi. Sasa printa ikiishiwa, wanakuja kuchomoa hapo hapo, kwa hiyo shingo yangu inafuata wingi wa barua za wiki hiyo. Mwisho wa mwezi nasoma nikiwa nimeinama kama natafuta sindano.

Aliwahi kuja mtaalamu wa usalama mahali pa kazi. Nyayo ziguse sakafu, magoti nyuzi 90, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, na kila dakika 20 utazame kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. (Saa tatu nzima anatufundisha hayo, tumekalia viti vya plastiki.) Kesho yake nikaanza. Bahati mbaya mita 6 kutoka kwangu ndipo anapokaa bosi. Dakika 20, namkazia macho. Dakika 20 nyingine, namkazia tena. Kabla ya chai nishaitwa: "Kijana, una neno na mimi?"

Nikaona bora niandike barua. Kwa heshima na taadhima, naomba kupatiwa kiti cha magurudumu. Afisa utumishi akanipigia usiku, sauti imemlegea: "Pole sana ndugu yangu. Ajali imetokea wapi?" Nikamweleza kuwa siyo kile, ni hiki cha ofisini cha kuzunguka. Huruma ikamkauka pale pale. "Aah! Kumbe unakaa tu? Subiri bajeti ya Julai."

Nyumbani ndiyo usiseme. Mke wangu ananichua na dawa huku ananisimanga: "Mama alilima heka mbili, mimi niko mgongoni. Wewe umelima nini?" Nikiguna, anakandamiza.

Hapa naandika nimesimama, kompyuta iko juu ya friji. Jirani kachungulia dirishani, vumbi la saruji hadi kwenye kope.

"Vipi tena braza, mmeuza viti?"