Nyumba ya Mnada au ya Muuzaji wa Kawaida: Hesabu ya Mnunuzi wa Nairobi

Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilifika asilimia 13 mnamo Februari 2024, na ingawa ilianza kushushwa Agosti mwaka huo, malimbikizo ya madeni ya waliokopa hayakufutika nayo. Nyumba walizoweka rehani hutangazwa kwa mnada na madalali, na mwenye akiba hujiuliza kama aende mnadani au kwa muuzaji wa kawaida.

Mvuto wa mnada ni bei. Mthamini hutoa thamani ya soko na ile ya kuuza kwa haraka, ambayo aghalabu ni kama robo tatu ya ya kwanza. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na akiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu huo hadi athibitishe vinginevyo. Anayetamani nusu bei huenda akanunua na kesi.

Tuchukue fleti ya shilingi milioni 10 inayonunuliwa mnadani kwa milioni 7.5. Mara nyingi robo ya bei, yaani shilingi 1,875,000, hudaiwa papo hapo nyundo inapogongwa, na salio ndani ya siku 90. Ukishindwa, amana imekwenda. Kutegemea mkopo ni vigumu, kwa kuwa anayenyang'anywa nyumba hana sababu ya kumfungulia mlango mthamini wa benki itakayokukopesha. Akikataa kuhama mwaka mzima huku wewe ukipanga kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, 720,000 zimetoka, kabla ya wakili, ada ya huduma iliyolimbikizwa na nyaya zilizong'olewa. Faida inabaki, lakini ni ya mwenye fedha taslimu na subira. Familia inayotaka kuhamia kabla shule hazijafunguliwa isiiguse.

Sheria inamlinda mnunuzi wa mnadani: halazimiki kuchunguza kama notisi zilitolewa ipasavyo, mradi hakujua udanganyifu wowote. Lakini rehani ya nyumba ya ndoa isiyo na ridhaa ya mke au mume si halali, na hapo ndipo kesi nyingine huanzia.

Kwa muuzaji wa kawaida, amana huwa kwa desturi asilimia 10, unakagua kila chumba na unapatana bei. Usidhani kwamba huko ni salama kwa hivyo tu. Matapeli wenye hati bandia hupenda mauzo ya faragha, ilhali hati ya nyumba ya mnada angalau iliwahi kupitiwa na mawakili wa benki ilipowekwa rehani.

Kwa maoni yangu, mnunuzi mwangalifu amtafute mwenye nyumba kabla ya mnada. Notisi ya kwanza, ya kumtaka mkopaji alipe, ni ya miezi mitatu, ya kuuza ni siku 40, na ya dalali ni siku 45, hivyo kuna karibu miezi sita ya kuzungumza. Benki ikiridhia, mwenye nyumba huuza mwenyewe kwa bei iliyopungua kiasi, deni hulipwa moja kwa moja benki kwa ahadi ya maandishi ya wakili wa mnunuzi, na mwenye nyumba huondoka na chenji na kukabidhi funguo kwa hiari.