Tuige pointi, si programu ya simu

Tuliohamia Marekani tukiulizwa nyumbani waige nini ili chakula cha ziada kiwafikie wenye njaa, wengi hukimbilia kutaja programu ya simu. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye pointi, yaani hesabu inayoamua nani apate mzigo upi.

Mtandao mkubwa wa benki za chakula hapa, yaani maghala yanayokusanya chakula cha msaada na kukigawa kwa wenye njaa, ni Feeding America. Kabla ya 2005 shehena ziligawiwa kwa foleni: anayeongoza orodha anapigiwa simu, anapewa saa chache akubali au akatae. Uzito ulikuwa uzito tu, uwe wa viazi au wa nafaka. Benki iliyojaa viazi iliweza kuletewa viazi vingine, na usafiri ni juu yake.

Mwaka 2005, wakisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, walihamia kwenye mnada. Kila benki hupewa pointi kulingana na wingi wa wahitaji wake. Mara mbili kwa siku kila mmoja huweka dau la siri kwenye kompyuta. La juu hushinda. Pointi zilizotumika hugawiwa tena, hivyo hazimaliziki mchezoni. Benki ndogo yaweza kukopa, au kuchangia dau na jirani wagawane lori. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba bei yaweza kushuka chini ya sifuri: anayekubali kubeba mzigo usiotakiwa hulipwa pointi.

Sasa nyumbani. Huku kingi hutupwa madukani na majikoni. Kwetu kingi huharibika shambani, ghalani na njiani. Mkulima ambaye mazao yameanza kulainika hakosi pa kutangaza, anakosa gari leo hii. Kwa hiyo pointi za kwetu zimwendee kwanza mwenye lori linalorudi tupu. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: bidhaa, uzito, mahali, saa ya mwisho ya kuchukua. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya muda wa saa 2 kikiwa vuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, hakifai kugawiwa, kwa hiyo tangazo lijifute lenyewe.

Na kukataa kusiwe na adhabu. Anayeogopa kupoteza pointi atapokea mzigo asiouhitaji, autupe nyuma ya ghala, na kwenye hesabu uandikwe umegawiwa.