Uniti 40 Chini ya Kiti na Gari Haliwaki

Kuna watu nawadai maelezo. Ni wale wahandisi waliokaa kwenye viyoyozi vyao wakabuni gari la umeme, wakalijaza betri sakafu nzima, kuanzia miguuni kwa dereva mpaka chini ya makalio ya abiria wa nyuma, halafu mbele kule, chini ya boneti, wakachomeka kibetri cha volti 12. Cha risasi na asidi, ukoo ule ule alioanzisha Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, wakati Sultani Majid hajaanza hata kuijenga Dar es Salaam. Na hicho kibetri kikifa, gari zima limekufa.

Gari langu ni mtumba wa Japani. Betri yake kubwa ni ya kilowati-saa 40. Kwa hesabu za nyumbani hizo ni uniti 40 za LUKU, ambazo mama watoto akibana pasi na jiko tunakula wiki nzima. Kibetri kikijaa hadi pomoni kinabeba kama nusu uniti. Kwa hiyo uniti 40 zimekaa zinasubiri ruhusa ya nusu uniti.

Nimeshaelezwa sababu, na naielewa, ila hasira haijapungua. Betri kubwa ina volti zaidi ya 300, si kitu cha kuachwa wazi. Ukizima gari, kuna swichi nene zinaikata kabisa, isipeleke umeme popote. Kuziunga tena kunataka umeme, na umeme huo lazima utoke kwa kibetri. Kompyuta ni za kibetri, vitasa ni vya kibetri, taa na alamu vivyo hivyo. Tajiri ana ghala la mchele, funguo anazo mlinzi, na mlinzi kalala fofofo. Utakufa njaa umeegemea ukuta wa ghala.

Basi nilikuwa na msiba Tanga. Nikapanda basi. Ndiyo, nina gari na nilipanda basi. Tanga ni zaidi ya kilomita 300, gari langu likijitahidi sana linagonga mia mbili na kitu, na sikutaka kufika msibani halafu mimi ndiye napewa pole. Huku nyuma alamu ikaendelea kunywa umeme wa kibetri kidogo kidogo, na treka nayo inanywa, na hili joto la Dar linakizeesha kibetri bila huruma. Narudi, nabonyeza rimoti, kimya. Alamu kazi yake ni kulinda gari mtu asiingie, na kwa kweli ililinda, maana hata mwenye gari hakuingia.

Ndani ya rimoti kuna kifunguo cha chuma kimefichwa. Nikafungulia mlango. Dashibodi giza. Nikachomeka chaja ukutani, giza vile vile, kwa sababu hata kukubali kuchajiwa, gari linatakiwa liamke kwanza, na wa kuliamsha ni yule yule marehemu.

Corolla ya mafuta ina ustaarabu wa kuaga. Kabla betri haijafa, asubuhi inazunguka kivivu, nye-nye-nye, wewe unajua kabisa kinachokuja na unaahirisha kwa hiari yako. Hili halina starta ya kuzungusha. Jana umetembea nalo vizuri, leo ni kabati.

Vijana wa kijiweni hawajawahi kuona gari bovu wakakaa. Wakaja.

"Bro, weka namba mbili, tukusukume, ukichanganya achia klachi."

"Halina klachi."

"Weka namba moja basi."

"Halina hizo gia."

"Sasa huwa linatembeaje?"

Hawakungoja jibu, wakaliegemea. Halikutikisika hata kidogo. Limejifunga kwenye P, na kuitoa kwenye P kunataka umeme. Umeme wa nani? Mnamjua.

Akatoka mzee jirani na kikombe chake cha chai. Shikamoo. Marahaba. Halafu hukumu ikaanza. "Mimi nilisema ununue la mafuta. Mafuta yakiisha unashika kidumu unakwenda sheli. Umeme utaufuata na nini?"

"Mzee, umeme haujaisha. Umejaa."

"Umejaa wapi?"

"Chini."

Akainama, akachungulia chini ya gari, akainuka taratibu akishika kiuno. "Mbona haliwaki?"

Nikamweleza tena toka mwanzo, betri kubwa, betri ndogo, swichi. Anatikisa kichwa kwa upole, ule upole wa mtu anayesikiliza mgonjwa. Ukieleza kitu hiki mara nyingi mbele ya mzee mwenye chai, mwenyewe unaanza kuona unadanganya.

Fundi wa mtaani akaletwa kwa mbio, hakuna aliyemuita. Ana spana namba 10, na hapo sina neno, ndiyo inayofungua vichwa vya betri. Tatizo akakiruka kibetri, akashika waya mnene wa rangi ya chungwa. "Huu ndio wenyewe. Tuunge hapa moja kwa moja." Nilimvuta shati mpaka kifungo kikatoka. Jamani, waya wa chungwa kwenye gari la umeme ndio unaobeba umeme wa ile betri kubwa. Wameupaka rangi hiyo makusudi, mtu asije kusema hakuuona.

"Mimi shoti nimezoea," anasema.

Shoti ya volti 12 umezoea, ndugu yangu. Hii hutaizoea. Watakaozoea ni wanao, kuishi bila baba.

Tukiwa tunabishana gari la nani lije kubusti, bodaboda mmoja akasema chukueni betri ya pikipiki yangu. Kijiwe kikacheka mpaka mtu akakaa chini. Betri ya pikipiki, iwashe gari! Lakini yule kijana alikuwa na akili kuliko sisi wote. Gari la mafuta linataka nguvu nyingi kwa mpigo ili starta izungushe injini. Hili linataka kompyuta ziamke tu na zile swichi ziungane, basi. Tukaunga chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha bodi, nikakanyaga breki, nikabonyeza.

Dashibodi ikawaka rangi zote za harusini, na yule mama wa Kijapani aliyekuja na gari akaanza kuongea.

"Anasemaje?" kijiwe kinauliza.

"Sijui. Mimi huwa namwitikia tu, haya mama."

Hapo sasa ndipo ninapochemka. Betri kubwa, ikishaamshwa, inaanza yenyewe kukichaji kibetri. Kumbe uwezo inao! Ilikuwa pale pale muda wote, inasubiri kuombwa na pikipiki! Na yapo magari ya umeme yenye adabu, yakiegeshwa yanakichungulia kibetri chao mara kwa mara na kukiongezea umeme. La kwangu halikulelewa hivyo.

Bodaboda akataka elfu kumi.

"Elfu kumi kwa dakika mbili?"

"Bosi, sijakupa lifti. Nimekuuzia umeme."

Mimi. Mwenye uniti 40.

Nikaenda kununua kibetri kipya. Muuzaji ananiuliza cha gari gani, namwambia la umeme. Akaweka kalamu chini, akaita wenzake watoke stoo waje waone. "Gari la umeme limekuja kununua betri!" Wakasimama wananitazama, mmoja akaniuliza kama na mafuta huwa linaweka.

Cha zamani nikakiweka barazani, na hao wanunuzi wa betri mbovu sijui huwa wananusa. Hakijapoa, mmoja kafika na mkokoteni. Akakiinua, akanitajia bei ya soda mbili, tukakubaliana. Halafu akainama kama yule mzee, akachungulia chini ya gari kwa muda mrefu.

"Na hii kubwa, bosi, ikifa utanipigia?"

Nikamwambia ile ina kilo karibu 300, wewe na huo mkokoteni mtaipeleka wapi? Akageuka akawatazama vijana wa kijiweni.

"Si hawa wapo? Watasukuma."