"Mteja amekataa kazi": maneno matatu yanayoweza kumkatia mtu msaada

"Mteja amekataa kazi." Basi. Tarehe juu, jina la mwandishi chini, faili linafungwa, anaitwa anayefuata.

Katika ofisi za ajira zinazohudumia wakimbizi nchini Marekani, sentensi hiyo ni ya kila siku. Ni fupi, haina tusi, na mkaguzi akiipitia haimsumbui. Lakini tumchukue kijana wa mfano, hana mke wala mtoto, amefika Lexington, Kentucky, akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kodi ya nyumba anailipa kwa msaada wa fedha wanaopewa wakimbizi. Kwake yeye hiyo ndiyo sentensi ghali kuliko zote zilizomo kwenye faili. Kanuni za serikali ya shirikisho zinasema anayekataa kazi inayofaa bila sababu ya msingi anakatiwa msaada huo miezi 3 kwa mara ya kwanza, na miezi 6 akirudia. Usuluhishi upo kabla ya adhabu, na kukata rufaa kupo. Ila huko kote karatasi husikilizwa kabla ya mtu.

Ndiyo maana ubishi kuhusu namna ya kuandika maelezo ya kesi, yaani kumbukumbu za kila mteja, ambao kwa mtu wa nje unaonekana kama mambo ya makarani, mimi nauona ni ubishi mzito. Wako wanaosema maelezo yawe mafupi na makavu: nini kilifanyika, lini, hatua inayofuata. Wako wanaosema hapana, andika kwa upana, maana mtu hatoshei kwenye mistari miwili. Kila upande una haki yake, na kila upande una hatari ambayo haipendi kuitaja.

Neno lenyewe, kesi, lina harufu. Mtaani kwetu ukisema fulani ana kesi, watu wanauliza yuko kituo gani cha polisi. Kambini, kesi ni kitu cha kutamaniwa: "kesi yangu imefika wapi?" ni swali la mtu aliyengoja miaka mingi kupelekwa nchi ya tatu. Akifika Marekani anakuta kesi haikuisha. Imehama ofisi tu, na sasa anaiandika mtu mwingine, kwa Kiingereza ambacho mwenye kesi hawezi kukisoma.

Na wenye kesi hizo ni wengi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Januari 20, 2025 amri ya rais ikasimamisha mpango wa kuwapokea. Kuanzia Mei 5 mwaka huohuo, muda wa msaada wa fedha kwa wanaostahili wapya ukapunguzwa kutoka miezi 12 hadi 4. Miezi 4 ni ya kupata namba ya hifadhi ya jamii, kujua mabasi, kujifunza maneno ya kwanza ya Kiingereza na kupata mshahara. Msimamizi wa kesi anaandika huku saa inakimbia, na saa inapokimbia sentensi nazo hufupika.

Nianze na watetezi wa ufupi, kwa sababu hudharauliwa sana na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kile kiti. Kwamba kazi ni nyingi ni kweli, ila hiyo ndiyo hoja yao dhaifu. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba kalamu ikiachiwa huru hugeuka hakimu. "Mteja ni mvivu." "Hana nia." "Amezoea misaada." Hakuna anayekaa chini akapanga kuandika maneno hayo, yanaandikwa Ijumaa jioni baada ya simu ya tatu kutopokewa. Kisha mwandishi anaacha kazi, kama wanavyoacha wengi, na neno "mvivu" linabaki. Msimamizi mpya analisoma kabla hajamwona mtu mwenyewe, na siku wanapokutana anakuwa ameshamjua, au anadhani amemjua.

Halafu kuna yale yasiyoihusu ofisi ya ajira. Mkimbizi huyu ameshasimulia maisha yake kwa UNHCR na kwa maofisa wa uhamiaji wa Marekani, mara nyingi zaidi ya moja. Ofisi inayomtafutia kazi ya kufungasha kuku haihitaji kujua yaliyomkuta Fizi, kule mashariki mwa Kongo. Vivyo hivyo afya. Sheria ya Marekani ya 1990 ya kuwalinda watu wenye ulemavu inamkataza mwajiri kuuliza habari za ulemavu kabla hajatoa ahadi ya kazi. Lakini anayempigia mwajiri simu huku faili limefunguka mbele yake anaweza kuropoka asichoulizwa. "Barua ya daktari: asinyanyue zaidi ya kilo 10" inatosha. Jina la ugonjwa halina kazi pale.

Watetezi wa ufupi hupenda mfumo wa kuandika uitwao SOAP, wenye mizizi katika kazi ya daktari Mmarekani Lawrence Weed, aliyetaka kumbukumbu za wagonjwa ziandikwe kwa mpangilio katika miaka ya 1960. Una visanduku vinne: alichosema mhusika, kilichoonekana, tathmini, mpango. Ni mfumo mzuri, kwa kuwa unazuia maneno ya mteja yasichanganyike na ya ofisi. Udhaifu wake ni kisanduku cha tatu. Hospitali kinajazwa na mtu aliyepima damu. Ofisi ya ajira hakuna damu iliyopimwa, na hapo ndipo "mvivu" anaporudi, safari hii amevaa koti jeupe.

Sasa upande wa pili. Rudi kwenye ile sentensi ya kwanza, uangalie kitenzi. Amekataa. Tuseme kijana yule alichosema hasa ni: "Kazi naitaka, ila basi la saa ile hakuna." Kanuni zilezile zinazomwadhibu anayekataa zinaeleza pia kazi inayofaa ni ipi: safari ya kwenda na kurudi kwa kawaida isizidi saa 2 kwa siku. Kama basi linachukua dakika 80 kwenda na dakika 80 kurudi, hizo ni saa 2 na dakika 40. Basi huenda hakuna kazi inayofaa iliyotolewa, na kama haikutolewa, hakuna aliyekataa. Sentensi kavu haikukaa katikati. Iliamua kesi, tena bila kuonyesha kwamba imeamua.

Hapa watetezi wa ufupi huwa wananipoteza. Wanauchukulia ukavu kana kwamba ni uadilifu. Tena wanasahau kwamba mazungumzo mengi hupita mdomoni mwa mkalimani kwenye simu, na Kiswahili chetu kina adabu zake. Msemaji wa Kiswahili akisikia "tutaona" au "Mungu akipenda", kwa sauti fulani, anajua ameshanyimwa kwa heshima. Mkalimani anafasiri neno kwa neno, na faili linasema: mteja amekubali. Wiki ijayo haonekani, faili linasema: mteja hakutimiza ahadi. Mistari miwili, yote si kweli, na hakuna aliyesema uongo.

Au saa. Aliyekulia kambini Kigoma anahesabu saa zake tangu jua kuchomoza. Saa mbili kwake ni asubuhi, mtu ameshakunywa chai. Akiambiwa na mtu aliyegeuza tarakimu tu kwamba miadi ni "saa mbili", atafika asubuhi, atakuta foleni ya watu wengine, ataondoka. Saa 8 mchana, ambayo kwa saa ya Kizungu ni 2, anaandikiwa "hakufika". Neno moja tu la nyongeza, kwamba alikuja asubuhi akarudishwa, lingemwonyesha msimamizi anayefuata kuwa tatizo ni saa wala si nidhamu.

Ufupi unameza pia ujuzi. Mama aliyevusha vitenge kati ya Uvira na Bujumbura kwa miaka amebadilisha fedha, amekopesha, amedai, amejadiliana na watu wa forodha. Kwenye fomu anaandikwa "hana uzoefu wa kazi" kwa sababu hakuwahi kupata karatasi ya mshahara. Kuanzia hapo atatafutiwa ufagio tu.

Mfano unaonishawishi kuliko yote unahusu fomu I-9, ambayo kila mfanyakazi mpya Marekani hujaza kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Ndani ya siku 3 za kazi tangu aanze, anaonyesha hati anazochagua mwenyewe kutoka orodha iliyowekwa. Mwajiri haruhusiwi kumchagulia. Mkimbizi mgeni ana I-94, hati ya kuingia nchini, yenye alama ya ukimbizi, na hiyo inapokelewa kwa siku 90 huku hati nyingine zikingojewa. Hata hivyo kuna waajiri wanaosema "lete green card", kadi ya ukaazi wa kudumu, kitu ambacho mkimbizi hawezi kupewa kabla ya kutimiza mwaka mmoja nchini. Maelezo makavu yatasema: "Hakuajiriwa, hati hazikutosha." Maelezo mapana yatasema nani alidai hati gani, siku gani, na mteja alikuwa ameonyesha nini. Malalamiko ya ubaguzi wa aina hii yana siku 180 za kuwasilishwa katika Wizara ya Sheria ya Marekani. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka. Atakayekumbuka ni huo mstari, kama uliandikwa.

Kwa hiyo tuandike yote? Hapana, na hapa watetezi wa upana nao wana la kujibu. Kwanza, kuna upana wa bandia. Faili linakuwa na kurasa kumi, na kila ukurasa una sentensi ileile iliyonakiliwa ya mwezi uliopita: "Mteja amehamasishwa kutafuta kazi kwa bidii." Ofisi hizi zina msemo kwamba kisichoandikwa hakikutendeka. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine imezaa maandishi ya kujikinga, ambapo mwandishi anamthibitishia mkaguzi kwamba alikuwepo kazini, na mteja anageuka shahidi wa bidii ya ofisi.

La pili ni gumu zaidi. Mazungumzo mazuri hufungua mdomo. Mtu anakaribishwa kwa Kiswahili, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu kwamba wanaenda wanavyoenda, mke wake anakaanga maandazi anawauzia majirani. Mwandishi mwenye moyo mwema anayaingiza maandazi kwenye faili ili kuonyesha familia inajituma. Mtu mwingine akisoma, maandazi yale ni kipato ambacho hakikutajwa. Sisemi ofisi ifiche. Sheria ni sheria, na msimamizi anayeficha anamwingiza mteja kwenye shida kubwa zaidi. Nasema mteja alipaswa kuambiwa tangu mwanzo, kabla hajazoea, kwamba yanayosemwa mezani hapo yanaweza kuandikwa na kusomwa na wengine, na kwamba kipato lazima kitajwe. Kumkaribisha mtu kama ndugu kisha kumwandika kama karani ni kumtega, hata kama hukukusudia.

Mimi nasimama na upana, lakini upana wenye mahali pake. Kikwazo kiandikwe kwa undani: basi lipi, saa ngapi, hati ipi, nani alisema. Kazi ya ofisi nayo iandikwe kwa undani, maana huko ndiko faili nyingi hunyamaza. Mteja ana tarehe za kukosa, ofisi haina tarehe za kuchelewa. Tabia, imani, vita na magonjwa yaandikwe kwa uchache kabisa, au yasiandikwe. Pale ambapo kesi inaweza kugeuka kwa neno moja, neno hilo liandikwe kama lilivyotoka, kwa Kiswahili chake, na tafsiri kando. Ukiandika "tutaona", msomaji wa baadaye anayekijua Kiswahili ataelewa. Ukiandika "amekubali", umemfungia mlango.

Na mteja asomewe kabla hajainuka. Najua pingamizi. Mkalimani analipwa kwa dakika, foleni iko nje, na mwandishi anayejua atasoma kwa sauti huanza kuogopa kuandika ukweli usiopendeza. Hilo la mwisho nalikubali kwa shingo upande: huenda kweli baadhi ya mambo yakalainishwa. Lakini tathmini ambayo mtu hawezi kuisema mbele ya anayemtathmini nina shaka nayo tangu mwanzo. Kuhusu dakika, hesabu dakika za usuluhishi na rufaa halafu ulinganishe.

Basi turudi kwa kijana wetu wa mfano. Faili lake lingeweza kusomeka hivi:

"Jumanne. Kazi: kufungasha nyama, zamu inaanza saa 11:00 alfajiri. Mteja: 'Kazi naitaka, ila basi la saa ile hakuna.' Nimeangalia ratiba: basi la kwanza linapita kituo chake saa 11:25, safari ni dakika 80 kwa upande mmoja. Hana gari wala leseni. Nimempigia mwajiri kuulizia zamu ya mchana, atajibu Ijumaa. Nitampigia mteja Ijumaa kabla ya saa 10 jioni. Nimemsomea haya kwa Kiswahili. Baada ya kusikia, amesema jirani yake wa ghorofa ya chini anafanya kazi hukohuko, zamu hiyohiyo, na ana gari."